Debe jekundu: kisa cha kampuni ya mafuta iliyosahau chombo

Nenda soko lolote la nafaka, Tandale au Kongowea, uulize bei ya mahindi. Utatajiwa bei ya debe. Ukitaka gunia, kwa hesabu ya wengi ni debe sita. Muuzaji anaweza kukupimia kwa ndoo ya plastiki na bado akasema debe, maana jina limeshika kipimo na halikiachii. Lakini kipimo hicho hakikuanza na mahindi. Debe lilitufikia na mafuta ya taa: kopo la bati lenye pande nne, kimo kikizidi upana, likichukua galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na ushei. Mawili yalipangwa ndani ya kasha moja la mbao, na kasha likapanda meli. Hata neno lenyewe limevuka bahari, kutoka kwa Wahindi waliokuwa wakiita kopo kama hilo *dabba*.

Kwa bibi yangu lilikuwapo moja. Upande wa juu ulikatwa wote, kingo zikakunjwa kwa nyundo zisije zikakata mikono, na kipande cha mti kikapigiliwa katikati ya mdomo kiwe mpini. Kona moja ya chini ilizibwa kwa lami. Tulilitekea maji kisimani, na siku za shughuli lilipikiwa chai ya watu arobaini. Mafuta yaliyolileta Afrika yalikwisha kuungua miaka mingi kabla sijazaliwa.

Naanza na debe la bibi kwa sababu kisa hiki kinahusu mfanyabiashara aliyekokotoa kila kitu kuhusu kusafirisha mafuta, akakosea jambo moja tu: hakujua kwamba mnunuzi alikuwa akinunua vitu viwili. Mfanyabiashara huyo ni Marcus Samuel wa London, na kampuni aliyoianzisha ndiyo Shell. Miaka yake kumi na mitano ya mwanzo, kuanzia 1892 hadi 1907, inafundisha biashara ya usambazaji wa mafuta kuliko miaka yote iliyofuata, kwa kuwa wakati huo kampuni ilikuwa msambazaji na karibu si kitu kingine. Ilianza bila hata kisima kimoja.

Mwana wa muuza makombe

Marcus Samuel alizaliwa mwaka 1853 katika familia ya Kiyahudi, mashariki ya London. Baba yake alikuwa akiagiza vitu kutoka Mashariki ya mbali, na bidhaa iliyompa jina ni magamba ya kombe na konokono wa baharini, kwa Kiingereza *shell*, pamoja na visanduku vidogo vilivyopambwa kwa magamba hayo. Waingereza waliokwenda kupumzika pwani walivinunua wakarudi navyo nyumbani kama kumbukumbu. Baba alipofariki, Marcus na mdogo wake, aliyeitwa Samuel Samuel, waliendesha kampuni mbili zilizoshikana mkono, moja London na nyingine Yokohama, Japani. Walifanya biashara ya mchele, makaa ya mawe, hariri, mashine, chochote chenye faida.

Mtaji wao mkubwa haukuwa fedha. Baba aliwaachia urafiki na nyumba za biashara zilizotapakaa kuanzia India hadi Japani, watu waliokuwa tayari kupokea shehena na kulipa baadaye, au kulipa leo na kupokea baadaye. Kwa jicho langu hili ndilo jambo la kushika kabla ya yote. Mtu mwenye mafuta bila watu hao angefika Shanghai na meli iliyojaa, akakosa wa kumpokea.

Mafuta yenyewe yalikuwa Baku, ukingoni mwa Bahari ya Kaspi, katika milki ya Urusi. Ndugu wa ukoo wa Nobel walikuwa wakichimba na kusafisha huko, na tangu mwaka 1878 meli yao Zoroaster ilikuwa ikibeba mafuta ndani ya matangi yake badala ya mapipa. Mwaka 1883 reli kutoka Baku ilifika Batum, bandari ya Bahari Nyeusi, kwa fedha za Rothschild wa Paris, ukoo wa wenye benki. Sasa Rothschild walikuwa na mafuta mengi na soko dogo. Ulaya ilikuwa imebanwa na Standard Oil, kampuni kubwa ya Mmarekani John D. Rockefeller. Mwaka 1890 Samuel alisafiri kwenda Caucasus akiwa na Fred Lane, dalali wa meli, akajionea mafuta yakisafiri bila chombo cha kuyafungia, meli nzima ikiwa ndiyo chombo.

Hesabu

Wakati huo mafuta ya taa yote yaliyouzwa Asia yalikwenda kwa kasha: madebe mawili ndani ya mbao. Standard Oil iliyajaza Marekani, ikayapakia kwenye meli zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ukilipia nauli ya kasha, unalipia mafuta, bati, mbao, misumari, na nafasi ambayo vyote hivyo vinakula melini. Unalipia na makuli wa kupakia kasha moja moja na wa kuyashusha. Debe likitoboka njiani, mafuta yanamwagikia sakafuni na hasara ni yako.

Samuel aliona kwamba akiyapeleka mafuta ya Batum kwa matangi, akapita Mfereji wa Suez, angefupisha njia kwa maili 4,000 hivi na kuondoa gharama yote ya chombo. Angeweza kumshinda Rockefeller kwa bei na bado akabaki na faida.

Palikuwa na kikwazo ambacho wengi wangekipita bila kukiona. Standard ilikuwa na desturi ya kumnyonga mshindani mpya kwa kushusha bei katika mji ule aliomo tu, ikijilipa kwa kupandisha bei kwingine. Ukianza na Singapore peke yake, unakufa Singapore. Kwa hiyo ilibidi kuingia bandari zote kwa wakati mmoja, na kwa siri mpaka siku yenyewe. Hilo lilidai matangi ya kuhifadhia kila mahali, mkataba wa mafuta ya kutosha, na meli ambazo wenye mfereji wangekubali zipite, maana hadi hapo walikuwa wamezikataa meli za matangi kwa kuogopa moto.

Samuel alifanya yote matatu kwa mkupuo. Mwaka 1891 alipata kwa kampuni ya Rothschild mkataba wa miaka tisa wa kuuza mafuta yao mashariki ya Suez. Wapwa zake, Mark na Joseph Abrahams, walitumwa Asia kutafuta viwanja na kusimamia ujenzi wa matangi. Singapore, wakuu wa mji hawakutaka mafuta mengi kiasi hicho karibu na watu, ndipo ikachaguliwa Pulau Bukom, kisiwa kidogo nje ya bandari. Meli alimpa mhandisi Fortescue Flannery azichore: matangi yaliyoacha nafasi ya mafuta kutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, na mpango wa kuyaosha kwa mvuke baada ya kushusha.

Huo mvuke unastahili kusimamiwa kidogo. Meli ya mafuta ikirudi tupu inalipa ushuru wa mfereji bila kubeba kitu, na nusu ya safari inakuwa hasara tupu. Samuel alitaka meli yake irudi na mchele au chai, na chai haikubali harufu ya mafuta ya taa hata chembe. Matangi yalioshwa mpaka yakaweza kubeba chakula. Wanaosimulia kisa hiki huharakisha kwenda kwenye mfereji na madebe, lakini naamini bila mvuke hesabu yote isingesimama.

Upinzani ulikuja kabla meli ya kwanza haijaingia majini. Kampuni ya mawakili ya London, Russell & Arnholz, iliiandikia serikali ya Uingereza kulalamikia hatari ya kupitisha mafuta mfereji wa Suez, na ilipoulizwa inamsemea nani ikakataa kuwataja wateja wake. Haikuhitaji mpiga ramli kujua nani angeumia meli hizo zikipita. Hata hivyo Januari 1892 ruhusa ilitoka. Mei ya mwaka huo meli ilishushwa majini West Hartlepool, kaskazini mwa Uingereza, ikapewa jina la konokono wa baharini: Murex. Ilikwenda Batum, ikajaza tani zipatazo 4,000 za mafuta ya taa, na mwezi Agosti ikapita Suez kuelekea Singapore na Bangkok. Nyuma yake zikaja Conch, Clam, Cowrie na nyingine, zote zikibeba majina ya makombe kwa heshima ya baba. Cowrie ni kauri, ile ile tunayoiokota pwani kwetu na kuichezea bao.

Mafuta yamefika, wanunuzi hawaji

Mafuta yalikuwa mazuri na bei ilikuwa chini. Matangi yalijaa. Mnunuzi wa mwisho, yule mwenye taa moja nyumbani, akabaki na mafuta ya Standard yaliyokuwa ghali zaidi.

Samuel alikuwa amedhani kwamba kwa bei ile watu wangekuja na vyombo vyao. Lakini vyombo vyao vilikuwa vipi? Vilikuwa madebe ya Standard, ya rangi ya buluu, na mengi hayakuwa madebe tena. Kote Asia debe lilikuwa limegeuzwa paa, kizimba cha ndege, jiko, kichujio cha chai, kikombe. Mafundi bati waliishi kwa kazi hiyo. Mtu aliyenunua debe la mafuta alijua kwamba usiku wa mwisho taa ikizimika atabaki na bati zuri ambalo kwingine angelitoa fedha kulipata. Samuel aliwauzia mafuta matupu, akadhani amewapunguzia bei. Ukitoa thamani ya debe, alikuwa amewapandishia.

Sisi hatuhitaji kufafanuliwa hili. Nyumba ngapi za Dar es Salaam na Mombasa ziliezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, bati moja likilalia jingine? Wauza maji wangapi walipita mitaani na mzegazega begani, debe mbele na debe nyuma? Kibatari walichosomea watoto wa shule kilikatwa kwenye bati la namna hiyo hiyo. Mtu aliyekulia kwetu angemwonya Samuel bila kufungua daftari.

Kinachonishangaza kila nikirudi kwenye kisa hiki ni kwamba aliyekosea hakuwa mgeni wa masoko yale. Familia yake ilifanya biashara na Asia kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo, baba yake aliuza visanduku, bidhaa ambayo chombo chenyewe ndicho mali. Nadhani kosa lilitokana na mahali alipoishia kuhesabu. Alikokotoa kutoka Batum hadi tangi la Bukom, tani kwa tani, na alikuwa sahihi. Kutoka tangi hadi kibandani kwa mnunuzi aliwaachia mawakala, na mawakala wake walikuwa wenye makampuni makubwa wa kuuza jumla. Kati yao na mwenye taa walisimama wachuuzi wawili watatu, na hakuna barua ya mchuuzi iliyofika London.

Bati lililolazwa

Alivyorekebisha ndipo ninapomvulia kofia. Hakung'ang'ania hesabu yake wala hakuwalaumu wanunuzi. Alipakia meli bati tupu, karatasi juu ya karatasi, akaipeleka Mashariki, na akawaagiza wenzake waanze kutengeneza madebe papo hapo. Wenzake walimuuliza kwa telegramu hili na lile, pamoja na rangi. Jibu likawa nyekundu.

Hapa masimulizi mengi humalizia kwa rangi, kana kwamba wekundu ndio ulioshinda. Rangi ilisaidia, sibishi. Debe la buluu la Standard lilifika limesuguana na mengine miezi kadhaa baharini, limebonyea na kuanza kutu. Debe jekundu lilitoka kiwandani jirani likiwa bado linang'aa, na muda si mrefu mapaa ya Asia yakaanza kugeuka kutoka buluu kwenda nyekundu. Lakini angalia kilichotokea upande wa gharama. Bati lililolazwa halichukui nafasi. Karatasi za kutengeneza maelfu ya madebe zinaenea pembeni mwa shehena, wakati madebe yenyewe yaliyokwisha kuundwa yangejaza meli. Samuel alimrudishia mnunuzi chombo chake bila kurudisha gharama ya kusafirisha hewa iliyo ndani ya chombo, wala mbao za kasha. Akaongeza na kazi kwa mafundi wa kila bandari. Mpango wa pili ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza hata kama ule wa kwanza usingekwama.

Jambo jingine alilolifanya wakati huo halina rangi wala mvuto wa kusimulia, ila ndilo lililoiokoa kampuni. Mwaka 1893 aliwaunganisha wenzake wa Asia katika ushirika mmoja ulioitwa Tank Syndicate. Faida za bandari zote na hasara za bandari zote zilitiwa chungu kimoja. Standard ikiangusha bei Hong Kong, nyumba ya Hong Kong haikufa, kwa kuwa Bangkok na Kobe zilikuwa zikiibebea mzigo. Silaha ya Rockefeller ilikuwa kuwapiga mmoja mmoja, na sasa hapakuwa na mmoja. Oktoba 1897 ushirika huo uligeuzwa kampuni kamili, Shell Transport and Trading Company. Kufikia mwaka 1902, asilimia 90 ya mafuta yaliyopita Suez yalikuwa ya Samuel na wenzake.

Ugonjwa wa msambazaji

Kampuni iliyojengwa kwa meli, matangi na mawakala ina udhaifu mmoja, na Samuel aliujua mapema: mafuta ni ya mtu mwingine. Mkataba wa Rothschild ulikuwa unakwisha mwaka 1900. Wakikataa kuuongeza, au wakipandisha bei, meli zote zile zingebeba nini?

Aligeukia Borneo, ambako mpwa wake Mark alihangaika na misitu, mvua na maradhi, wakapata mafuta mwaka 1897. Yalikuwa mazito, hayakutoa mafuta ya taa mengi. Januari 1901 kisima cha Spindletop kilifoka Texas, na mwaka huo huo Samuel akaingia mkataba mrefu wa kununua mafuta ya huko kwa bei ya kutupa, kabla hajatuma mtaalamu wa kukichunguza kisima. Katika kiangazi cha 1902 Spindletop ikaanza kukauka. Baadhi ya meli alizokuwa ameziandaa kwa mafuta ya Texas zikageuzwa za kubebea ng'ombe.

Mwanzoni alishindwa kwa kutomtazama mnunuzi, na safari hii alishindwa kwa kutomtazama muuzaji, ingawa katikati palikuwa na mtambo wa usambazaji usio na mfano duniani. Naye mwenyewe alikuwa ametawanyika. Mwaka 1898 alipewa cheo cha Sir baada ya tagi lake kuikwamua manowari ya Uingereza Suez, na mwishoni mwa 1902, wakati kampuni ilipomhitaji kuliko wakati wowote, alikuwa akiapishwa kuwa Meya wa London na kuandaa karamu.

Upande wa pili palikuwa na Royal Dutch, kampuni ya Waholanzi yenye visima Sumatra, karibu kabisa na wanunuzi wa Asia, ikiongozwa na Henri Deterding, mtu ambaye hakubandua macho kwenye vitabu vya hesabu. Mwaka 1903 Shell, Royal Dutch na Rothschild walianzisha kampuni ya pamoja ya kuuza, Asiatic Petroleum, kila mmoja theluthi, na Deterding akawa msimamizi wake. Maana yake uuzaji wenyewe, roho ya Shell, ulikwisha kutoka mikononi mwa Samuel. Mwaka 1907 zikaunganishwa jumla. Samuel alitaka nusu kwa nusu. Deterding alimpa 40, yeye akabaki na 60, na Samuel akakubali kwa kuwa kila mwezi wa kusubiri ulizidi kumshusha. Jina la Shell na kombe lake vilibaki, pamoja na makopo mekundu, ambayo wenye magari wa Uingereza sasa waliyanunua ya galoni 2, yakiwa na petroli.

Murex yenyewe ilizamishwa kwa kombora karibu na Port Said, Desemba 1916, si mbali na mfereji ilioufungulia meli za mafuta.

Afrika Mashariki tulifikiwa na mtambo huo ukiwa umekwisha kukomaa. Bohari ya kwanza ya mafuta Mombasa ilijengwa na Shell, Shimanzi. Yalitangulia mafuta ya taa ndani ya madebe, yakafukuza taa za mafuta ya nazi na ya uta, kisha petroli ikafuata, nayo kwa madebe na mapipa. Kabla ya pampu, mwenye gari alinunua debe dukani, akalitoboa, akamimina kwenye tangi polepole kupitia kitambaa ili takataka zisipite, na debe akaliacha pale pale au akaondoka nalo. Wenye maduka hawakuyatupa. Waliyapanga nyuma ya duka, na debe tupu lilikuwa na bei yake.

La bibi yangu lilinunuliwa tupu.